Sebuleni tunavua masweta, chumbani watoto wanatetemeka: tuweke hita gani kwenye karavani?

"Mimi na mume wangu tunaishi Leicester. Mwaka huu tumenunua karavani ya kuvuta ya mwaka 2006, vitanda vinne, ndani ina urefu wa kama mita 5 na nusu. Tunaikarabati: sofa mpya, taa mpya, na sakafu mpya ambayo mume wangu anataka kuibandika Jumamosi. Kinachotuumiza kichwa ni uamuzi wa hita. Iliyokuja nayo ni ya gesi, imekaa chini ya kabati la nguo, ina koili ya umeme ya wati 2,000 na feni ya kusambaza hewa. Tulikwenda nayo Peak District mwezi wa pili. Sebuleni tulikuwa tunavua masweta, lakini kitandani kwa watoto, kule nyuma, kulikuwa kama ndani ya friji, na asubuhi maji yanatiririka madirishani. Fundi mmoja anataka tuing'oe tuweke Alde. Mwingine anasema Truma Combi 6. Shemeji yangu ameona hita ya dizeli inauzwa pauni mia na kitu. Mama mkwe anasema tununue hita ya plagi tuache kupoteza hela. Mtoto wetu mdogo ana pumu. Tunapenda vile viwanja vidogo vya wakulima, vingine havina umeme, na mwezi wa kumi tunataka kwenda Scotland. Tuchukue ipi?"

Dada, nusu ya jibu umelitoa mwenyewe. Umesema sebuleni mlikuwa mnavua masweta. Hita isiyotosha haimvui mtu sweta. Joto mnalo, ila haliwafikii watoto. Mafundi wawili wamekutajia hita mpya mbili, na katika maelezo yako sioni kama kuna hata mmoja aliyenyanyua ubao wa kitanda cha nyuma akachungulia. Kwa hiyo nitaanzia huko, halafu tuje kwenye Alde, Combi na hiyo dizeli ya shemeji.

Hita ya aina yenu ni sanduku la chuma lililofungwa. Moto unawaka humo ndani, hewa yake unaivuta kutoka chini ya sakafu, na moshi wake unapanda kwa bomba linalopita kwenye kabati la nguo hadi juu ya paa. Hewa mnayovuta ninyi haikutani na moto. Chuma kikipata joto, hewa ya chumbani inayopita nje yake nayo inapashika na kupanda juu. Huo ndio moto mnaouhisi mkiwa sofani. Mgongoni mwa sanduku kuna feni, ambayo inachota sehemu ya hewa hiyo na kuisukuma kwenye mabomba laini ya karatasi ngumu, yenye upana wa milimita 65 hivi, yanayopita nyuma ya viti na chini ya vitanda hadi kwenye vitundu vya plastiki ukutani. Bila feni, au mabomba yakiwa na kasoro, hita inabaki kuwa jiko la sebuleni. Anayelala karibu nalo anachemka, wa mbali anaganda.

Sasa fanyeni jambo moja la kuchafua magoti. Washeni hita, feni muiweke kasi ya juu, msubiri dakika 20, kisha mpitishe kiganja kwenye kila kitundu kuanzia kilicho karibu na hita. Kama cha kwanza kinapuliza kwa nguvu na cha watoto kinapumua kama mgonjwa, toeni godoro, nyanyueni ubao, mchukue tochi mlifuate bomba kuanzia kwenye feni hadi mwisho.

Kuna familia moja iliwahi kuniita, tayari imeshalipa kianzio cha hita mpya. Nilipofungua kitanda cha nyuma nikakuta bomba limechomoka kwenye kitundu chake, limelala ndani ya boksi la kitanda, na kazi yake usiku kucha ni kupasha joto mabuti ya mvua na mfuko wa hema. Mtu alisukuma kreti la vyombo kwa nguvu, likaling'oa. Nililirudisha, nikalibana kwa klipu, nikaweka kipande cha plai kulikinga na mizigo. Baada ya nusu saa mtoto wao alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro, mkono kwenye kitundu, anacheka. Kianzio hakikurudi.

Si kila mara huwa rahisi hivyo. Nimekuta mabomba yaliyotafunwa na panya, yaliyobanwa na droo, na feni iliyoshika vumbi hadi mabawa yamekuwa kama manyoya ya paka. Kuna karavani ambazo kiwandani bomba la nyuma lilipitishwa chini ya sakafu, nje kabisa, likafungwa sponji. Baada ya miaka 20 sponji hiyo imekwisha na mnapasha joto nyasi za mkulima. Na hata mabomba yakiwa mazima, hewa ni mvivu, inatoka kwenye tundu la kwanza inaloliona. Vile vya karibu na hita vifungeni nusu, cha watoto kiacheni wazi kabisa.

Tuje kwenye kilowati, maana ndipo watu wanapouziwa vitu wasivyovihitaji. Karavani yenu, ukijumlisha kuta, paa na sakafu, ina eneo la kama mita za mraba 54. Ukuta wa umri huo ni kama sentimeta 3 tu: bati la alumini nje, povu katikati, plai nyembamba ndani. Kila mita ya mraba ya ukuta wa namna hiyo inapoteza wati 1 na kidogo kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Dirisha la plastiki, hata likiwa la tabaka mbili, linapoteza karibu mara tatu ya hapo. Ongeza hewa inayotoka kwenye matundu ya usalama, tunafika kwenye wati 85 hadi 90 kwa kila digrii. Ni makadirio ya fundi na penseli yake, lakini hayako mbali na ukweli. Nje kukiwa na digrii 0 na ndani mkitaka 20, mnahitaji kama kilowati 1.8 kulishikilia joto hilo. Nje kukishuka hadi 5 chini ya sifuri, kilowati 2.2. Akiba kidogo ya kuipasha karavani mnapofika ikiwa imepoa, basi kilowati 3 hadi 4 zinawatosha kabisa.

Kwa hiyo Combi 6, ambayo kwa gesi inafika kilowati 6, ni viatu vya baba kwa mtoto wa darasa la pili. Inafaa gari kubwa la kulala au karavani ndefu ya ekseli mbili. Kwenu itakuwa inawaka dakika chache na kujizima, inawaka na kujizima.

Mama mkwe nitamtetea kidogo. Kwenye uwanja wenye umeme, hita ya plagi, ile ya radieta yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, inafanya kazi, haina moshi na haitoi unyevu. Ila wati 2,000 anazotaka mzinunue tayari mnazo ndani ya hita yenu, tena zenye feni na mabomba. Na kuna hesabu ya nguzo ya umeme ambayo wengi wanaijua kwa kukaa gizani. Viwanja vya Uingereza kwa kawaida vinatoa ampea 10 au 16. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Koili ya hita inakula 2,000. Birika la umeme la nyumbani nalo linataka 2,000 au zaidi. Ukilichomeka tu, breka inaruka, na saa 1 asubuhi mtu anatafuta viatu aende kumwamsha mkulima. Nunueni birika dogo la wati 750 hadi 1,000, au pasheni maji kwa gesi. Mkivuka kwenda Ufaransa mtakuta hata viwanja vya ampea 6, yaani wati 1,380 kwa kila kitu kilichomo ndani. Na pale kwa mkulima asiye na umeme kabisa, hita ya mama mkwe ni pambo.

Hapo ndipo penye kuamulia. Swali la kwanza la hita ya karavani ni mnalala wapi, siyo ina kilowati ngapi. Ninyi wakati mwingine mnalala pasipo umeme, kwa hiyo hita yenu lazima iweze kuishi kwa mafuta inayoyabeba na kwa betri ya volti 12.

Alde nitaisema kwa heshima, kwa sababu ni hita nzuri na fundi wako hakukosea kuisifu. Ni ya Sweden. Ndani yake kuna boila inayopasha kulanti, ndugu wa ile ya rejeta ya gari, na pampu inaizungusha kwenye mabomba ya alumini yenye mapezi yaliyopangwa kuzunguka karavani, nyuma ya sofa na chini ya vitanda. Hewa baridi inaingia chini, inapashika, inapanda ukutani na kupita mbele ya dirisha. Hakuna kelele, hakuna feni ya kurusha vumbi, na joto linakuwa sawa pembe zote. Kwa mtoto mwenye pumu ningependa sana alale humo. Lakini Alde hujengewa karavani tangu kiwandani. Sofa lazima ziwe na nafasi nyuma, vitanda viwe na matundu, kabati liwe na mahali pa boila. Kuiweka kwenye ya 2006 ni kung'oa samani zote. Gharama ya kazi hiyo inaweza kuipita bei mliyonunulia karavani nzima, uzito unaongezeka, na kulanti ya kawaida inatakiwa kubadilishwa kila miaka 2, ile ya muda mrefu kila miaka 5. Mtu akiniambia moyo wake uko kwenye Alde, namwambia auze hii atafute iliyozaliwa nayo.

Truma Combi, ya Wajerumani, ni jambo jingine. Hii inaweza kuingia kwenye karavani ya zamani. Ni boksi moja linalokaa ndani ya benchi, linapasha hewa na pia lita 10 za maji ya kuoga. Ina matundu manne ya kutolea hewa, kwa hiyo bomba moja, hata mawili, linaweza kwenda moja kwa moja kwa watoto bila kupitia sebuleni. Ukubwa wenu ni Combi 4, na mkiinunua chukueni ile yenye herufi E, inayotumia pia umeme kwa wati 900 au 1,800. Zile 900 ndizo zitakazowaokoa kwenye ampea 6. Zingatia lakini kwamba kwa umeme peke yake inatoa pungufu ya hita mliyonayo sasa, na inagawana hizo na maji.

Kuiweka kunahitaji tundu jipya ukutani kwa ajili ya moshi, na tundu hilo watu hulikosea mahali. Lisiwe chini ya dirisha linalofunguka. Lisiwe upande wa mlango ambako mnafunga hema la mbele, kwa sababu mkilifunga zipu, moshi wote unabaki humo mnamopikia chai. Hita yenu ya maji ya sasa itang'olewa na kuacha tundu lake la kuzibwa, na kila tundu kwenye bati la alumini ni mlango wa mvua usipozibwa na mtu anayejua. Halafu kuna kivalvu cha baridi. Joto la pale kilipo likishuka hadi kama digrii 3, kinafunguka chenyewe na kumwaga maji yote chini ili tangi lisipasuke kwa barafu. Watu wengi hunipigia simu wakilia hita mpya inavuja. Haivuji. Pasheni ndani kwanza, kisha kifungeni kwa mkono.

Dizeli. Shemeji hana wazimu, wazo lenyewe ni zuri. Wati 2,000 za dizeli zinawatosha usiku wa digrii 0, mafuta yanapatikana kila kituo, na moto wake nao umefungwa peke yake mbali na hewa mnayovuta. Malori yanalala nazo Ulaya nzima. Webasto na Eberspächer wanazitengeneza vizuri, kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya hiyo ya mia na kitu. Ila karavani ya kuvuta haina tangi la dizeli. Inabidi muweke tangi, mpitishe bomba la mafuta, bomba la hewa na bomba la moshi ambalo kwa ndani linakuwa la moto kiasi cha kuunguza mbao, na mwisho wake lazima utoke hadi pembeni, usiishie chini ya sakafu. Inapowaka, plagi yake ya kuwashia inavuta kama ampea 10 kwa dakika chache, na haipendi kukatiwa umeme ghafla kabla haijamaliza kujipooza. Pampu yake inagonga tik-tik-tik usiku kucha, na jirani wa hema la pili anaisikia. Kwa watu wawili wazima wanaolala milimani mwezi wa kwanza, ningeifikiria, iliyo nzuri na iliyofungwa na fundi wake. Kwa ile ya bei ya kutupa, iliyofungwa na shemeji kwa msumeno Jumapili jioni, chini ya kitanda cha watoto, jibu langu ni hapana. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kinachoweza kuvunjika si upishi.

Sasa gesi, kwa sababu huenda ndiyo mtakayobaki nayo. Hakikisheni mtungi ni wa propani. Butani inaacha kugeuka mvuke karibu na digrii 0. Mtungi unakuwa umejaa lakini moto unafifia, na mtu anadhani hita imekufa. Propani inaendelea hadi digrii 42 chini ya sifuri, na Scotland haijafika huko. Nchini Uingereza, kwa Calor mtungi mwekundu ndio propani, wa bluu ni butani. Karavani ya 2006 inatumia mgandamizo wa milibari 30, na regyuleta (kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi) iliyofungwa ukutani kwenye boksi la mitungi inapokea propani na butani, kwa hiyo kubadilisha ni suala la mpira wa gesi tu.

Matumizi yake? Usiku mmoja wenye urefu wa saa 12, nje 0, ndani 20, ni kama kilo 2. Mkishusha thermostati hadi 15 mkishalala, ni kilo moja na nusu. Mitungi miwili ya kilo 6 ni wiki nzima, na mwezi wa kumi hamtafika huko kila usiku. Feni itakula betri kama ampea-saa 1 na kidogo kila saa. Kwenye betri ya ampea-saa 100, ambayo kwa ile ya risasi msitumie zaidi ya nusu, mna siku mbili tatu pamoja na taa na pampu ya maji. Na hapa ile hita yenu ya zamani ina sifa ambayo wauzaji hawaitaji: nyingi za aina hiyo, feni ikifa au betri ikiisha saa 8 usiku, moto unaendelea. Hausambai, lakini unaendelea. Combi na Alde bila volti 12 zinazima.

Umeniambia maji yanatiririka madirishani, na nadhani mnalaumu hita kwa hilo pia. Hita yenu, ikiwa nzima, haitoi tone la maji ndani, maana mvuke wake unatoka na moshi juu ya paa. Maji hayo ni pumzi za watu wanne, taulo mbichi na supu. Hata jiko la kupikia linachangia, kwani kilo 1 ya propani ikiungua inatoa lita 1 na zaidi ya nusu ya maji kama mvuke, na jiko la kupikia halina bomba la moshi. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi zaidi ukakae, yaani dirisha, na chini ya godoro la watoto pale ambapo joto halikufika. Miezi sita baadaye ndipo unaponusa ukungu. Kwa pumu, huo ukungu na unyevu ni wabaya pia, si vumbi la feni tu. Nyanyueni godoro kwa chaga za mbao au wavu wa plastiki hewa ipite chini yake, fungueni kidirisha cha paa mnapopika, na kwa dawa za mtoto za safari muulizeni nesi wa pumu kabla ya mwezi wa kumi.

Ila jambo moja naomba unisikilize kama kaka. Msizibe matundu ya hewa ya sakafuni. Siku moja nilifungua mlango wa karavani ya ndugu zetu, nikakuta kanga imekunjwa vizuri, kwa upendo kabisa, imesokomezwa kwenye tundu la chini karibu na jiko, kwa sababu mama alihisi upepo miguuni. Nilimwelewa. Upepo ule ni wa kukera. Lakini gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inamiminika chini kama maji na kutafuta tundu hilo itoke. Ukiliziba, inakaa mvunguni ikisubiri cheche. Matundu ya juu nayo ndiyo yanayotoa hewa mbaya. Wekeni zulia, vaeni soksi nzito, tundu liacheni.

Na sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunajua habari ya kulala nalo chumbani. Hapa Uingereza watu wanafia kwenye mahema kwa sababu ileile: wamechoma nyama nje, makaa yanaonekana yamekufa, mtu anayaingiza ndani yampe joto. Makaa hayo ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hita za gesi za kusukuma zisizo na bomba la moshi, zile za magurudumu, nazo msiziingize. Nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi chenye kiwango cha EN 50291-2, ambacho kimepimwa kwa karavani na boti. Kikilia, au wote mkiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu ambavyo vinapungua mkitoka nje, tokeni na watoto, fungeni mtungi, pigeni 999, na msiirudie hita hiyo hadi ipimwe.

Mimi ningefanya hivi. Ningeita fundi aipime hita iliyopo kabla ya kununua chochote: sanduku la chuma, bomba la moshi lote hadi paani, feni, na upimaji wa uvujaji wa mfumo mzima wa gesi. Regyuleta ikiwa na zaidi ya miaka 10, na mpira ukiwa umezeeka (tarehe yake imechapwa juu yake), vitoke. Akisema chuma ni kizima, badilisheni feni na mabomba yote, lile la watoto lipitishwe ndani na siyo nje, wekeni thermostati upande wao. Hizo ni pesa kidogo mno ukilinganisha na hita mpya, na kwa maelezo yako nadhani zitatosha. Akisema sanduku limeoza au limepasuka, hapo hakuna kubembeleza, ining'olewe, na mimi ningeweka Combi 4 E kama mnakusudia kukaa na karavani hii miaka mingi. Uzito wake muujumlishe na sofa na sakafu mpya. Bamba la uzito karibu na mlango linasema mwisho ni wapi, na polisi wa barabarani wanajua kulisoma.

Fundi huyo awe wa Gas Safe, yaani rejista ya mafundi wa gesi wa Uingereza. Msiishie kuona kadi, igeuzeni. Nyuma yake pameandikwa anaruhusiwa kugusa nini, nanyi mnatafuta LPG (gesi ya mitungi) na magari ya burudani. Aliyesomea boila za nyumba za gesi ya bomba, hata awe bingwa, karavani si yake. Akiwa hapo mwambieni apime pia unyevu wa kuta kwa kipimo chake, hasa kwenye pembe za nyuma. Chini ya asilimia 15 mko salama. Kikisoma 20 na kuendelea, mna mvua inayoingia mahali, na hakuna hita itakayokausha ukuta unaonyweshwa kila wiki.

Hayo yote yanafanyika mbao zikiwa zimefunguliwa na sakafu ikionekana. Bomba jipya la watoto huenda likapita palepale mume wako anapotaka kupaka gundi, na kama mnaongeza tabaka jembamba la povu chini ya sakafu hiyo, ambalo nalipendekeza, linaingia kabla ya gundi. Mwambie Jumamosi hii aweke gundi pembeni, achukue tochi.